Biashara ya Pengo: Kadi za Sigara na Mnunuzi Aliyetengenezwa Kiwandani

Ukiwekewa mkononi kadi kuukuu ya sigara, jicho litakimbilia picha: bondia aliyekunja ngumi, manowari inayokata mawimbi, ua la waridi, mwigizaji wa kike amejitanda shela. Wengi huishia hapo. Wauzaji wa vitu vya kale huzipanga kwa picha, na vitabu vingi vinavyozihusu ni vitabu vya picha. Ninachowasihi wasomaji wa safu hii ni kuigeuza kadi na kuanza na mgongo wake. Huko kuna jina la kampuni, maelezo ya mistari michache, na namba: tuseme 17, katika seti ya 50. Namba hiyo ndiyo iliyouza sigara. Picha ilimpa mvutaji kitu kimoja. Namba ilimkumbusha vitu 49 asivyokuwa navyo.

Kadi hizi, zilizotamba Marekani na Uingereza tangu miaka ya 1880 hadi 1940, zilikuwa miongoni mwa matangazo ya mwanzo kuchapishwa kwa mamilioni na kufika mikononi mwa tajiri na maskini, mzee na mtoto. Hilo peke yake linatosha kuzipa nafasi katika historia ya biashara. Lakini urithi wake mkubwa zaidi ni mbinu ya kumuuzia mtu upungufu. Kampuni za tumbaku zilitengeneza pengo, zikampa mteja kipande kimoja cha kulizibia, kisha zikamwacha aendelee kulihangaikia mwenyewe, pakiti baada ya pakiti. Mbinu hiyo haikuzikwa pamoja na kadi. Tunaishi nayo, na watoto wetu wanaishi nayo zaidi yetu.

Mashine ilipowazidi wavutaji

Tuanzie kiwandani, kwa sababu bila mashine kadi zisingekuwapo. Hadi miaka ya 1870 sigara ilisokotwa kwa mkono. Katika kiwanda cha Allen & Ginter mjini Richmond, Virginia, wasichana walikaa mezani kutwa wakisokota, na msokotaji hodari alitoa kama sigara nne kwa dakika. Mwaka 1875 kampuni hiyo ilitangaza zawadi ya dola 75,000 kwa yeyote atakayebuni mashine ya kuifanya kazi hiyo. Kijana wa Virginia, James Bonsack, alipata hataza ya mashine yake mwaka 1881. Ilitoa takriban sigara 120,000 kwa siku ya saa kumi, yaani 200 kwa dakika, kazi ya wasokotaji 50.

Allen & Ginter waliijaribu, wakaiacha. Aliyeishika kwa mikono miwili ni James Buchanan Duke wa Durham, North Carolina, mwaka 1884. Ng'ambo ya Atlantiki, kampuni ya W.D. & H.O. Wills ya Bristol ilikuwa imeshanunua haki ya kuitumia Uingereza mwaka 1883.

Hapo ndipo shida ilipohama. Zamani mwenye kiwanda aliumizwa kichwa na namna ya kutengeneza sigara za kutosha. Sasa aliumizwa na namna ya kupata watu wa kuzivuta. Tena sigara ya mashine ya kampuni hii haikutofautiana sana na ya kampuni ile. Mteja aliyesimama mbele ya duka alihitaji sababu ya kutaja jina moja na kuliacha lingine, na sababu hiyo haikuweza kutoka kwenye tumbaku.

Ilitoka kwenye kipande cha karatasi ngumu. Pakiti za wakati ule zilikuwa za karatasi laini, na sigara zilipondeka na kuvunjika mfukoni. Kampuni zikatia ndani kadi ngumu ya kuzikinga. Gharama ya kadi ilikuwa imeshalipwa kwa lazima. Kilichobaki ni kuipa kazi ya pili. Wakati huohuo uchapaji wa rangi kwa mawe ulikuwa umekomaa. Kila rangi ilikuwa na jiwe lake, karatasi ikapitishwa jiwe baada ya jiwe hadi picha ikamilike, na shiti moja kubwa ilibeba kadi nyingi zilizokatwa mwishoni. Kazi iliyohitaji mafundi wengi ikawa, kwa kila kadi moja, ya gharama ndogo mno. Uingereza ilikuja kuzoea kipimo cha kama milimita 68 kwa 36, kadi inayoenea vizuri katika kiganja cha mtoto.

Duke alielewa haraka kuliko wote kwamba mashine ya kusokota ilihitaji mashine ya kutangaza. Mwaka 1889 alitumia takriban dola 800,000 kwa matangazo, kiasi kilichowatia hofu washindani wake. Mwaka uliofuata kampuni tano kubwa, yake ikiwamo pamoja na Allen & Ginter, ziliungana kuwa American Tobacco Company. Kilichotokea baada ya muungano huo kinafundisha. Ushindani ulipokufa, kadi nazo zilififia Marekani. Zilirudi kwa kishindo karibu na mwaka 1909, soko lilipochangamka upya, na mwaka 1911 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamuru muungano huo uvunjwe. Anayedhani kadi zilikuwa zawadi ya ukarimu aitazame ratiba hiyo. Zilikuja na vita vya bei na zikaondoka na amani.

Uingereza mambo yalikuwa yaleyale. Duke alipoinunua kampuni ya Ogden's ya Liverpool mwaka 1901, kampuni za Kiingereza zilijikusanya mwaka huohuo chini ya Imperial Tobacco ili zimkabili. Vita hivyo vilimalizwa mwaka 1902 kwa makubaliano ya kugawana dunia: kila upande ubaki kwake, na nchi nyingine zote zihudumiwe na kampuni mpya ya pamoja. Kampuni hiyo ndiyo British American Tobacco, iliyoanza kazi Kenya mwaka 1907 na kuwa na kiwanda Jinja, Uganda, kufikia mwisho wa miaka ya 1920. Sigara zilizofika Afrika Mashariki zilitoka moja kwa moja katika ugomvi uliozaa kadi.

Namba na orodha

Chukua kadi moja tuitazame kwa karibu. Mwaka 1887 Allen & Ginter walitoa seti ya mabingwa wa dunia, kadi 50. Ndani yake wamo wacheza besiboli, mabondia, wapiga makasia, wachezaji bilia, na mwanamke mlenga shabaha aliyevuma kote Marekani, Annie Oakley. Mbele kuna sura yake kwa rangi laini, uso na nguo vimechorwa kwa vidoti vidogo vya wino. Nyuma hakuna habari ya maisha yake hata mstari mmoja. Kuna orodha. Majina ya mabingwa wote yamepangwa kwa michezo yao, na jina la kampuni limekaa pamoja nayo.

Mchapaji alikuwa na nafasi ya kueleza mambo mengi nyuma ya kadi ile. Alichochagua kueleza ni kile ambacho mwenye kadi hana. Mtu aliyenunua pakiti moja ili avute alirudi nyumbani na hesabu ya madeni. Ni kama mwanamke aliyepewa upande mmoja wa doti ya kanga: alichonacho kinamkumbusha kilichokosekana, na hatatulia mpaka apate mwenzake. Tofauti ni kwamba kanga ya pili unaichagua dukani kwa macho yako. Kadi ya pili ilikuwa imefungwa ndani ya pakiti, na hakuna aliyejua ni ipi mpaka ameshalipa.

Hapa kuna mambo matatu yaliyofungamanishwa kwa ustadi. La kwanza ni seti yenye mwisho: 50 ni nyingi kiasi cha kuchosha, chache kiasi cha kutia matumaini. La pili ni bahati, kwa kuwa mnunuzi hakuchagua kadi. La tatu ni marudio. Kadri seti inavyokaribia kukamilika ndivyo kila pakiti mpya inavyozidi kuleta kadi ambayo mtu anayo tayari. Mwenye kadi kumi anapata mpya karibu kila anaponunua. Mwenye 49 anaweza kununua pakiti nyingi sana akitafuta moja. Hesabu hiyo humkamua zaidi yule aliye mwaminifu zaidi.

Marudio yalizaa ubadilishanaji, na ubadilishanaji ukawaleta watoto. Nchini Uingereza watoto walisimama nje ya maduka ya tumbaku wakiwaomba wanaume waliotoka kama wana kadi. Shuleni walizirusha ukutani kwa michezo ya kushindana, aliyeshinda akazoa za wenzake. Mtoto hakuvuta, lakini alimjua baba anavuta chapa gani, na alikuwa na sababu ya kumsihi asiibadilishe. Kampuni zilipata mtangazaji ndani ya nyumba, asiyelipwa na asiyechoka.

Nguvu ya pengo ilidhihirika wazi kabisa katika biashara iliyorithi mbinu hii, ya ubani wa kutafuna. Mwaka 1933 kampuni ya Goudey ya Boston ilitoa seti ya besiboli ya kadi 240, lakini kadi namba 106 haikuchapishwa. Watoto walinunua ubani wakiitafuta kadi isiyokuwapo. Malalamiko yalipozidi, kampuni iliichapisha mwaka 1934, yenye picha ya Napoleon Lajoie, ikawapelekea kwa posta walioiandikia. Namba tupu, isiyo na picha wala karatasi, ilitosha kuwatoa watoto senti mifukoni.

Wanawake nao walitengewa njia yao. Karibu na mwaka 1910 kampuni za Marekani zilitia vipande vya hariri ndani ya bidhaa zao, vyenye maua, bendera na sura za watu, vya kushonwa pamoja kuwa mito na matandiko. Uingereza, mwaka 1934, sigara za Kensitas zilikuja na maua ya hariri yaliyofumwa. Mume alivuta, mke akashona, na kitambaa kisingekamilika mpaka mume avute zaidi.

Wapo waliolitilia shaka jambo hili mapema, hata ndani ya familia ya Duke. Kadi nyingi za mwanzo zilikuwa picha za waigizaji wa kike waliovaa mavazi yaliyohesabika kuwa ya aibu wakati ule. Mwaka 1894 mzee Washington Duke, mtu wa dini, alimwandikia barua mwanawe James akilalamika kwamba picha hizo zinaharibu maadili ya vijana na kuwapa wapinzani wa sigara hoja ya kuzipigia kelele. Mzee alikuwa na haki ya kuudhika. Ila macho yake yalikuwa upande wa mbele wa kadi, na ndiko yalikobaki macho ya wakosoaji wengi waliomfuata.

Elimu iliyokatwa vipande

Haki itendeke: kadi zilifundisha. Kwa nyumba nyingi za wafanyakazi nchini Uingereza, zilikuwa picha za rangi zilizopatikana kwa urahisi kuliko nyingine zote, na mgongoni zilikuwa na maarifa. Kampuni ya John Player & Sons ya Nottingham ilianza na makasri na abasia mwaka 1893, na baadaye zikafuata ndege, magari, wachezaji kriketi na nyota wa filamu. Wills ilitoa seti ya huduma ya kwanza mwaka 1913. Mtoto ambaye baba yake hakuweza kununua ensaiklopidia aliweza kuwa na kadi 50 za meli na kuzijua zote kwa majina.

Seti ninayoipenda kuliko zote ni ya kampuni ya Gallaher, iliyotoka wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kadi 100 zinazofundisha namna ya kufanya mambo. Kadi moja inaeleza jinsi ya kutoa kibanzi kilichoingia mkononi: jaza maji ya moto karibu na ukingo kwenye chupa yenye mdomo mpana, kisha kandamiza mkono juu ya mdomo wa chupa, na mvuto utakilegeza kibanzi. Nyingine inafundisha kuwasha kiberiti penye upepo. Chonga njiti kwa kisu, vinyweleo vyembamba vya mti vikunjike kuelekea kichwani, na moto ukishika utavidaka vinyweleo hivyo kabla upepo haujauzima. Hii ni elimu ya kweli, imeandikwa kwa heshima kwa msomaji, na hakuna neno moja la ziada. Aliyeiandika aliipenda kazi yake.

Mwaka 1938, vita vingine vilipokaribia, Wills ilishirikiana na Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza kutoa seti ya kadi 50 za kujikinga na mashambulizi ya anga. Zilionyesha namna ya kuchagua chumba cha kujificha, kukiziba kisipenye gesi ya sumu, kuzima bomu la moto, kuvaa barakoa. Albamu yake iliuzwa kwa peni moja. Serikali ilitambua kwamba hakuna njia ya kuzifikia nyumba nyingi kwa haraka namna ile iliyoshinda pakiti ya sigara.

Siibezi elimu hiyo. Lakini tuangalie ilivyokatwa. Maarifa yaligawanywa vipande vilivyolingana, kila kimoja na namba yake, kila kimoja kikijitegemea. Kadi ya kasri haikumwambia mtoto nani alimwaga jasho kulijenga. Kadi ya bendera haikumwambia ilisimikwa pale kwa ridhaa ya nani. Aliyekamilisha seti alijiona amelimaliza somo. Dunia ilifika nyumbani kwake kama kitu kinachoweza kukamilika, kubandikwa, na kufungiwa kabatini. Mtazamo huo ulilingana kabisa na mahitaji ya madola yaliyokuwa yakiigawana dunia halisi.

Dunia iliyobandikwa kwenye albamu

Mwaka 1888 Allen & Ginter walitoa kadi 50 za machifu wa Wahindi Wekundu wa Marekani. Wamo Geronimo na Sitting Bull. Geronimo alikuwa amejisalimisha mwaka 1886, na wakati kadi yake inaingia kwenye pakiti yeye alikuwa mfungwa wa jeshi la Marekani. Sitting Bull aliuawa mwezi Desemba mwaka 1890 na polisi waliotumwa kumkamata. Mvutaji wa Richmond au New York alimkusanya mtu ambaye serikali yake ilikuwa bado inampokonya ardhi, na akambadilisha na rafiki yake kwa bondia. Rangi za kadi hizo ni nzuri mno. Uzuri wake ndio ulioufanya unyang'anyi uonekane kama jambo lililokwisha zamani, lililobaki kuwa pambo.

Siasa ziliingia hata katika kadi ambazo hazikutoka. Wills ilichapisha seti ya kuadhimisha miaka 100 ya vita vya Waterloo vya 1815. Mwaka 1915 ulipofika, Wafaransa walioshindwa Waterloo walikuwa wanapigana bega kwa bega na Waingereza, kwa hiyo seti ile haikutolewa. Kadi ndogo ya sigara ilihesabika kuwa na uwezo wa kumkera mshirika wa kivita. Wenye kampuni walijua uzito wa walichokuwa wakikisambaza.

Kwetu Afrika Mashariki, mfano unaotugusa zaidi unatoka Ujerumani. Huko, katika miaka ya 1930, kampuni za sigara ziliachana na kadi zilizosimama peke yake zikaingia kwenye albamu kubwa zenye maandishi, zikiwa na nafasi tupu za picha. Picha zilipatikana kwa kuponi zilizotiwa ndani ya pakiti. Mwaka 1936 Cigaretten-Bilderdienst, tawi la picha la kampuni ya Reemtsma, ilitoa albamu ya maisha ya Adolf Hitler yenye picha za mpigapicha wake Heinrich Hoffmann, na pia albamu za Olimpiki ya Berlin. Hitler mwenyewe hakuvuta na chama chake kiliipiga vita sigara, lakini picha zake zilisafiri ndani ya pakiti.

Mwaka huohuo, mjini Dresden, ilitoka albamu nyingine iitwayo Deutsche Kolonien, yaani makoloni ya Kijerumani. Ujerumani ilikuwa imenyang'anywa makoloni yote kwa mkataba wa Versailles wa 1919. Tanganyika ilikuwa chini ya Uingereza kwa zaidi ya miaka 15. Mtoto wa Dresden aliyezaliwa mwaka 1925 hakuwahi kuishi katika Ujerumani yenye koloni. Lakini alikaa mezani na gundi, akizibandika moja moja picha za nchi za Afrika ambazo aliambiwa ni zake.

Hapa mbinu ya kadi ilifika kilele chake. Albamu ilikuwa na mapengo ya karatasi, na nyuma ya mapengo hayo kulikuwa na pengo jingine, la ramani. Kila picha iliyobandikwa ilimfundisha mtoto kuhisi kwamba nchi yake ni seti isiyokamilika, na kwamba vipande vyake viko mikononi mwa wengine. Watu waliokuwa wakilima, wakizaa na kuzika katika nchi hizo waligeuzwa namba kwenye albamu. Ninapoitazama biashara hii kama mtu wa Afrika Mashariki, hapa ndipo ninapokataa kuiita burudani isiyo na madhara.

Waliozikusanya wakubwa

Mwisho wa kadi ulikuja na uhaba wa karatasi. Uingereza ilizisimamisha mwaka 1917, zikarudi mwaka 1922, zikasimama tena mwaka 1940, na baada ya hapo hazikurudi kwa wingi wake wa zamani. Miaka kumi baadaye, mwaka 1950, Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha utafiti uliohusisha uvutaji wa sigara na saratani ya mapafu. Watoto waliosimama nje ya maduka wakiomba kadi walikuwa tayari watu wazima. Hakuna kadi katika seti yoyote iliyowahi kuwaeleza hilo.

Kadi zenyewe ziliokolewa na watu binafsi, na mmoja wao anastahili heshima ya pekee. Jefferson Burdick wa Syracuse, New York, alikuwa fundi wa kuunganisha vifaa vya umeme, mtu wa kipato kidogo, na ugonjwa wa baridi yabisi ulimkunja viungo. Alikusanya kadi na karatasi nyingine za matangazo ambazo wasomi waliziona takataka. Mwaka 1939 alichapisha orodha iliyozipanga kadi za Marekani kwa herufi na namba, na mfumo huo unatumika hadi leo. Kisha alizikabidhi zaidi ya 300,000 kwa jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York. Kwa miaka mingi alifanya kazi humo akizibandika kwenye albamu kwa mikono iliyokakamaa, akamaliza Januari 1963, na miezi miwili baadaye akafariki. Uingereza nayo ilipata bahati kama hiyo kwa Edward Wharton-Tigar, aliyeurithisha mkusanyiko wake wa zaidi ya kadi milioni moja kwa British Museum alipofariki mwaka 1995.

Kwa kazi ya watu hawa leo tunaweza kuzisoma kadi kama nyaraka. Bila wao nisingekuwa na safu ya kuandika. Hata hivyo soko lililokuja baada yao limerudi palepale. Katika orodha ya Burdick, seti ya besiboli iliyotoka kati ya 1909 na 1911 inaitwa T206. Ndani yake kuna kadi ya Honus Wagner, mchezaji wa Pittsburgh. Wapo wasemao alikataa picha yake isitumike kuwauzia watoto tumbaku, na wapo wasemao alitaka alipwe. Lililo hakika ni kwamba uchapaji wake ulisitishwa mapema. Zinakadiriwa kubaki kama 50 au 60, na mwaka 2022 moja iliuzwa dola milioni 7.25. Kadi nyingine za seti hiyo zilizochapwa kwa mawe yaleyale na wino uleule zinauzwa kwa sehemu ndogo mno ya bei hiyo. Kinachonunuliwa ni ule uchache, ni pengo ambalo karibu kila mkusanyaji wa T206 atakufa nalo.

Kutoka pakiti hadi simu

Mbinu hii ilipita salama kutoka kwenye tumbaku. Ndugu wa familia ya Panini walianza biashara ya picha za wachezaji mpira mjini Modena, Italia, mwaka 1961, na albamu yao ya Kombe la Dunia ilianza na mashindano ya Mexico ya 1970. Wao angalau waliweka mlango wa haki: aliyebakiwa na picha chache anaweza kuziagiza kwa kampuni kwa namba. Kutoka hapo mbinu ikaingia kwenye michezo ya kompyuta na simu. Tangu mwaka 2009 mchezo wa mpira wa kampuni ya EA umekuwa na pakiti za wachezaji, ambazo mnunuzi anaweza kuzilipia kwa fedha halisi bila kujua atampata nani. Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kwamba visanduku vya bahati vya namna hiyo vikilipiwa ni kamari, na EA ikaacha kuuza sarafu za mchezo huo nchini humo.

Nchi zetu zimepiga hatua upande wa sigara. Tanzania ina sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003, Kenya ina yake ya mwaka 2007, na zote mbili ni wanachama wa mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, ulioanza kufanya kazi mwaka 2005. Sheria hizo zimebana matangazo, yaani upande wa mbele wa kadi. Mbinu ya upande wa nyuma imehamia kwenye simu ya mzazi, pale mtoto anapocheza na pesa ya simu iko hatua chache tu kutoka kwenye kidole chake, na huko hatujaiwekea mpaka wa kutosha.

Historia ya kadi inatupa maswali matatu ya kuuliza juu ya bidhaa yoyote ya kukusanya, iwe ya karatasi au ya kioo cha simu. Je, mnunuzi anaona anachonunua kabla ya kulipa? Je, anayekusanya ndiye anayelipa, au ni mtoto anayemsukuma mtu mzima? Na je, anayekosa kipande kimoja anaweza kukinunua hichohicho, kwa bei iliyoandikwa, badala ya kuendelea kubahatisha? Kadi za sigara zilishindwa maswali yote matatu, na zilishindwa kwa makusudi.

Wabunge wa Afrika Mashariki na mamlaka za mawasiliano wanaweza kuyaandika maswali hayo katika kanuni bila kumpiga marufuku mtoto yeyote kufurahia kukusanya. Kampuni iliyo tayari kumuuzia kipande anachokikosa, kwa bei inayojulikana, inauza bidhaa, na iachwe ifanye biashara yake. Isiyokuwa tayari inauza pengo. Hiyo iwekewe umri wa wateja, itozwe na ikaguliwe kama zinavyokaguliwa kampuni za kamari, kwa sababu kazi inayofanya ni ileile.